Maswali ya Wasomaji: Miti Bilioni 15, Kingo za Mito na Haki ya Kuuliza

Barua nyingi zilizotufikia kwa toleo hili zinahusu ahadi za serikali za kurejesha misitu, mito na ardhi iliyoharibika, na pengo ambalo wasomaji wanaliona kati ya ahadi hizo na hali ya mitaa wanamoishi. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi, na tumefupisha baadhi yake bila kubadilisha maana.

Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huko Kasarani. Siku ya mapumziko ya kupanda miti, tarehe 13 Novemba 2023, wanafunzi wangu walikuja pamoja na wazazi wao tukapanda miche kando ya uwanja wa shule. Iliyobaki leo ni michache mno. Wanafunzi wananiuliza kama miti yetu iliyokufa imo katika ile bilioni 15. Niwajibu nini?
*Mwalimu, Kasarani*

Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza swali ambalo kila afisa anayesimamia mpango wa serikali wa kupanda miti bilioni 15 angepaswa kuulizwa kila mwaka, na wanastahili jibu la kweli. Mpango huo ulizinduliwa na Rais William Ruto tarehe 21 Desemba 2022. Unanuiwa kukamilika mwaka 2032, na shabaha yake ni kufikisha eneo lenye miti asilimia 30 ya ardhi ya Kenya na kurejesha hekta milioni 10.6 za ardhi iliyoharibika. Siku mliyopanda ninyi, lengo la nchi nzima lilikuwa miche milioni 100 kwa siku moja. Ipo pia programu ya simu iitwayo JazaMiti, ambayo mpandaji huitumia kusajili idadi ya miche, aina yake na mahali alipoipanda. Kwa hiyo kama miche yenu ilisajiliwa jioni ile, iliingia katika hesabu ikiwa hai, na kuingia ni rahisi kuliko kutoka, kwa sababu mche unapokauka hakuna anayeona haja ya kurudi kutoa taarifa.

Tuzitazame hesabu zenyewe. Ukigawanya miti bilioni 15 kwa hekta milioni 10.6, unapata miti 1,400 hivi kwa kila hekta. Ukiigawanya kwa Wakenya milioni 47.6 waliohesabiwa katika sensa ya 2019, kila mmoja, hata mtoto mchanga, anadaiwa zaidi ya miti 310. Lengo la namna hiyo linaweza kufikiwa kwa karatasi tu iwapo kinachohesabiwa ni idadi ya miche iliyotoka kitaluni. Wewe, Mwalimu, unalijua jambo hili kwa kazi yako: shule haisifiwi kwa idadi ya watoto walioandikishwa darasa la kwanza ikiwa hakuna anayejua ni wangapi waliofika mwisho.

Kuhusu sababu za miche kufa, nitaeleza kwa kirefu kidogo, kwa maana hapo ndipo fedha na jasho vinapopotelea. Mche hutoka kitaluni ukiwa ndani ya karatasi ya plastiki iliyoshikilia udongo na mizizi. Siku ya hafla watu ni wengi, mashimo ni mafupi na kila mtu ana haraka, basi mche hutumbukizwa pamoja na karatasi yake, au karatasi hupasuliwa chini tu na ubavu ukaachwa umefunikwa. Kwa majuma kadhaa mche huo huonekana mzima, majani yake ni mabichi na mpandaji anaridhika, ilhali chini ya ardhi mizizi inajizungusha ndani ya karatasi bila kupata njia. Mvua za vuli zinapokoma, kiangazi cha Januari na Februari kinaumaliza. Mahali penu pana tatizo la ziada: sehemu kubwa ya upande wa mashariki wa Nairobi ina udongo mweusi wa mfinyanzi, unaotuamisha maji wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa jua, nyufa zinazokata mizizi michanga. Katika udongo wa aina hiyo, chimbeni shimo la upana na kina cha futi moja na nusu hivi, tengeni udongo wa juu, uchanganyeni na samadi na uwe wa kwanza kurudi shimoni, kisha funikeni shina kwa nyasi kavu ili unyevu usikimbie. Karatasi iondolewe yote. Mbuzi nao wana sehemu yao katika vifo hivyo, na dawa yao ni uzio wa miiba.

Nakushauri kila darasa likabidhiwe miti yake, kila mti uwe na kijiti chenye nambari, na mwisho wa kila muhula wanafunzi waandike daftarini ni ipi iliyo hai, ina urefu gani, na iliyokufa ilikufa kwa nini. Daftari hilo litakuwa na taarifa ambazo sijaona zikitangazwa kwenye jukwaa la hafla yoyote ya upanzi wa miti.

Kwako Mhariri. Nimeishi kando ya Mto Mathare tangu nilipoolewa. Baada ya mafuriko ya 2024 nyumba zetu zilibomolewa, tukaambiwa tuko ndani ya mita 30 za mto. Watoto walihama shule. Sasa naona jengo la ghorofa upande wa juu, ukuta wake uko karibu na maji kuliko nilivyokuwa mimi. Je, huku ni kurejesha mazingira au ni kutuondoa sisi maskini?
*Mama wa watoto wanne, Mathare*

Mama, pole sana kwa yaliyokupata. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliua watu zaidi ya 200 nchini, na Mathare ni miongoni mwa mitaa iliyoumia sana hapa Nairobi. Hatuwezi kusema kwamba mto hauhitaji nafasi yake. Ukingo wenye nyasi, matete na miti hupunguza kasi ya maji na kunyonya sehemu yake, na ukingo uliojengwa hadi majini hugeuza mto kuwa mfereji unaomwaga gharika yote kwa jirani wa chini. Kwa hiyo kuondoa majengo kingoni ni kazi halali ya kurejesha mazingira, mradi ifanywe kwa sheria na kwa usawa.

Sheria yenyewe haisemi mita 30 kila mahali. Kanuni za maji na za mazingira zimekuwa zikieleza kwamba ukanda wa ukingo ni sawa na upana wa mto wenyewe, usipungue mita 6 wala kuzidi mita 30 kila upande, ukipimwa kuanzia kiwango cha juu kabisa ambacho maji yamewahi kufikia. Kijito chembamba na mto mpana havipimwi kwa kamba moja. Kipimo hicho hakimtofautishi mwenye nyumba ya mabati na mwenye ghorofa. Kama jengo unaloliona limo ndani ya ukanda huo, haki inataka lipimwe kwa kamba ileile iliyopimia nyumba yako, na aliyeliidhinisha aulizwe cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira kilipatikanaje.

Tena, sheria za ardhi zilivyorekebishwa mwaka 2016 zinamtaka anayewaondoa watu kutoa notisi ya maandishi ya angalau miezi 3. Dharura ya mafuriko inaweza kuhalalisha watu kuhamishwa usiku huohuo ili waokoe maisha, jambo ambalo hakuna mtu mwenye busara atakayelipinga, lakini kuhamishwa kwa usalama ni kitu kimoja na kubomolewa kwa nyumba bila kujua pa kwenda ni kingine. Serikali iliahidi shilingi 10,000 kwa kila familia iliyoondolewa. Kila mwenye nyumba ya kupangisha Nairobi anajua fedha hizo zinalipa kodi ya miezi mingapi, na sioni namna ya kuziita makao mapya.

Kuna neno moja zaidi ambalo ningependa lisikike kwa wanaosimamia kazi hii. Mto Nairobi huanzia kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, hupita katikati ya jiji, hupokea maji ya Mathare na ya mito mingine, huungana na Athi na hatimaye humwagika Bahari ya Hindi karibu na Malindi ukiitwa Sabaki. Uchafu unaoingia Mathare haukomei Mathare. Tume ya Mito ya Nairobi iliundwa mwishoni mwa mwaka 2022, na mwaka 2025 Rais akazindua mpango mpana wa kuuhuisha Mto Nairobi, na vijana wengi wa mitaani wakapata kazi ya kuzoa taka na kusafisha kingo. Kazi hiyo ni nzuri. Lakini taka ya plastiki inayoonekana ni sehemu moja tu ya ugonjwa, na sehemu kubwa ni majitaka yanayoingia mtoni kwa sababu mitaa mingi haijaunganishwa na mabomba ya majitaka. Bustani ya ukumbusho wa John Michuki, iliyo karibu na mzunguko wa Globe, ni ushahidi wa mambo yote mawili. Palipokuwa jalala na gereji za jua kali sasa kuna miti, mianzi na njia za kutembea, na hayo yalifanywa kwa amri ya waziri aliyekuwa na nia. Hata hivyo, simama hapo karibu na maji siku ya jua kali na utaisikia harufu ya yale yaliyomwagwa mtoni huko juu. Miti ya ukingoni haiwezi kusafisha kinachotoka kwenye bomba lililopasuka kila siku ya mwaka.

Vivyo hivyo kuhusu Dandora. Jalala hilo lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru lihamishwe na taka zizuiwe kuingia mitoni. Malori yameendelea kumwaga. Ikiwa amri ya mahakama inaweza kukaa miaka yote hiyo bila kutekelezwa dhidi ya jalala, na nyumba yako ikabomolewa kwa siku moja, basi uchungu wako, Mama, una msingi, na hufai kuambiwa kwamba unapinga mazingira.

Ndugu Mhariri, baba ana shamba Limuru lililopakana na kijito, na kando yake amepanda mikaratusi. Jirani anasema serikali itaing'oa. Ni kweli?
*Msomaji, Kangemi*

Vita vya serikali dhidi ya mikaratusi ya kingoni vilianza zamani. Mwaka 2009 John Michuki, akiwa Waziri wa Mazingira, aliagiza mikaratusi iondolewe kwenye kingo za mito na ardhi oevu, kwa sababu mti huo hukua haraka kwa kunywa maji mengi. Mwambie mzee aihamishie biashara yake ya mbao na nguzo kwenye mteremko wa juu ulio mbali na maji, na kingoni aweke mianzi ya kienyeji, mikuyu na mugumo. Asiing'oe yote kwa mkupuo kabla ya mvua, kwa maana udongo utachukuliwa. Apunguze kidogo kidogo huku ile mipya ikishika.

Tunaongeza hivi kwa wasomaji wengine: kosa la kupanda mti usiofaa mahali si dogo. Mti uitwao mathenge uliletwa katika maeneo kame ya Kenya, Baringo ikiwamo, ili kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni, ukasambaa hadi ukafunika malisho na kuharibu meno ya mbuzi kwa maganda yake yenye sukari. Wakazi wa Baringo waliishtaki serikali na wakafikisha mbuzi mbele ya mahakama kama kielelezo. Mathenge ulipandwa kwa nia njema, na ulistawi kuliko miti yote.

Mhariri, tafadhali nifafanulie takwimu. Darasani tunaambiwa Katiba inataka asilimia 10 ya miti, serikali inasema tumeshapita 12, wanaharakati wanasema hatujafika 9, na sasa tunataka 30. Nani anasema kweli?
*Mwanafunzi wa chuo kikuu, Nairobi*

Wote wanasema kweli, kila mmoja kwa kipimo chake, na ndiyo maana mijadala yetu mingi haifiki popote. Tathmini ya kitaifa ya rasilimali za misitu ya mwaka 2021 ilipata kwamba eneo lenye miti ni asilimia 12.13 ya nchi, yaani hekta milioni 7.18 hivi, na eneo la misitu ni asilimia 8.83, yaani hekta milioni 5.2. Msitu, kwa vigezo vya Kenya, ni eneo lisilopungua nusu hekta, lenye miti inayoweza kufikia urefu wa mita 2 au zaidi, na matawi yake yakiwa yamefunika angalau asilimia 15 ya ardhi hiyo. Mstari wa mijakaranda kando ya barabara, michungwa ya nyumbani na miti ya kivuli shambani huingia katika hesabu ya kwanza na kukosa ya pili. Ibara ya 69 ya Katiba inaitaka Serikali ijitahidi kufikia na kudumisha miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi, kwa hiyo kwa herufi za Katiba lengo hilo limetimizwa. Mtu anayejali chemchemi za Mau, Mlima Kenya, Aberdare, Cherangani na Mlima Elgon hawezi kuridhika na hesabu hiyo, kwa sababu maji ya mito mikubwa ya nchi hii yanategemea msitu uliofungamana.

Sasa kuhusu 30. Kutoka asilimia 12 hadi 30 ni takriban hekta milioni 10.6, na ndipo takwimu ya mpango wa miti bilioni 15 ilipotoka. Jiulize hekta hizo ziko wapi. Haziko Nyeri wala Kisii, ambako kila robo ekari ina mwenyewe na mazao yake. Zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Kenya ni kame au nusu kame, na hesabu ya 2032 itashinda au itashindwa huko Turkana, Marsabit, Garissa, Tana River na Kajiado. Mche wa kitaluni hauna nafasi kubwa huko. Njia inayowezekana ni kuiacha ardhi iote yenyewe: kupumzisha malisho kwa zamu, kulinda visiki vya migunga vinavyochipua, kuzuia makorongo, na kudhibiti uchomaji wa makaa. Mtoto wa mfugaji anayelinda chipukizi zisiliwe na mbuzi anarejesha mazingira hata kama hajawahi kushika mche mbele ya kamera, na ningependa siku moja bajeti imtambue.

Pwani nako kuna mfano ninaoupenda. Katika ghuba ya Gazi, Kaunti ya Kwale, wanavijiji wamelinda hekta 117 za mikoko tangu mwaka 2013 chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, wakauza hewa ya ukaa iliyohifadhiwa kwa wanaotaka kufidia uchafuzi wao wa hewa, na mapato yake yakalipia maji na mahitaji ya shule za vijiji. Eneo ni dogo ukililinganisha na mamilioni ya hekta tunayoyatamka. Lakini linajulikana mipaka yake, linajulikana wenyewe, na mikoko yake hupimwa kila baada ya muda. Hayo matatu ndiyo ninayoyatafuta katika kila ahadi ya kurejesha mazingira, na mara nyingi nayakosa.

Kwa kukamilisha picha, fahamu kwamba asilimia 30 ni tarakimu inayojirudia kimataifa. Katika mapatano ya bayoanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe, yaliyofikiwa Montreal mwezi Desemba 2022, mataifa yalikubaliana kuweka angalau asilimia 30 ya mifumo ikolojia iliyoharibika katika njia ya kurejeshwa ifikapo 2030, na kuhifadhi asilimia 30 ya nchi kavu na bahari kufikia mwaka huohuo. Hivyo ni vipimo vingine kabisa, na usivichanganye na asilimia 30 ya miti unapoandika mtihani.

Mhariri, dada yangu anaishi Uingereza na ananiambia huko serikali ina msimamizi wa kuichunguza kuhusu mazingira, tena kwa sheria. Sisi tunaye?
*Msomaji, South B*

Dada yako amesema kweli. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2021 ya Uingereza iliweka malengo yanayoifunga serikali, likiwamo la kusimamisha kupungua kwa viumbe ifikapo 2030, na baadaye ikawekwa kwa kanuni kwamba England ifikie asilimia 16.5 ya eneo lenye miti mwaka 2050. Sheria hiyohiyo iliunda ofisi huru ya ulinzi wa mazingira ambayo kila mwaka huandika ripoti kwa Bunge ikieleza kama serikali inasonga au imekwama, na ina uwezo wa kuipeleka serikali mahakamani. Ripoti yake ya Januari 2025 ilisema wazi kwamba kwa sehemu kubwa serikali haikuwa katika njia ya kutimiza ahadi zake za mazingira. Tusidhani, basi, kwamba kushindwa kutimiza malengo ni maradhi ya Afrika. Tofauti ninayoiona ni kwamba kule kuna mtu aliyeajiriwa kulisema hilo hadharani, kwa tarehe inayojulikana, na serikali inalazimika kumjibu kwa maandishi.

Hapa kwetu kazi hiyo imegawanyika. NEMA, mamlaka ya kitaifa ya kusimamia mazingira, ina wajibu wa kutoa ripoti ya hali ya mazingira, lakini nayo iko chini ya wizara ileile inayotekeleza mipango hiyo. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huchunguza fedha, na huweza kukagua pia kama fedha hizo zilifanya kazi iliyokusudiwa. Kamati ya Kitaifa ya Malalamiko ya Mazingira hupokea na kuchunguza malalamiko. Mahakama ya Mazingira na Ardhi huamua kesi. Kila mmoja ana kipande chake, na sijaona ofisi ambayo kazi yake ya kila mwaka ni kusimama na kusema kati ya miti iliyopandwa, hii ndiyo iliyo hai, na kati ya mito iliyoahidiwa, huu ndio unaoweza kunywesha ng'ombe. Kwa maoni yangu Bunge lingeweza kuipa Kamati ya Malalamiko wajibu huo, pamoja na bajeti yake isiyopitia wizarani, bila kuunda tume nyingine mpya. Tume tunazo za kutosha.

Bila ofisi ya namna hiyo, sera inaweza kupingana na yenyewe na asiwepo wa kuuliza. Ukataji miti katika misitu ya umma ulipigwa marufuku Februari 2018. Julai 2023, miezi sita na siku kadhaa baada ya kuzindua mpango wa miti bilioni 15, Rais alitangaza kuiondoa marufuku hiyo, na suala likafika mahakamani. Hoja ya kwamba miti ya mashamba ya serikali, kama misonobari na misaipresi, ilipandwa ivunwe na inaozea msituni ilikuwa na uzito wake. Kilichokosekana ni hesabu ya wazi, msitu kwa msitu, inayoonyesha kitakachokatwa, kitakachopandwa mahali pake na atakayethibitisha kwamba shoka halikuvuka kutoka kwenye misaipresi hadi kwenye miti ya asili.

Mhariri, mtaani kwetu kulikuwa na hafla kubwa ya kupanda miti kwenye uwanja wa umma. Leo uwanja ni mkavu na sehemu yake imezungushiwa mabati. Mimi ni fundi tu, sina wakili. Nianzie wapi?
*Fundi wa mbao, Kayole*

Fundi, anza kwa kujua kwamba sheria iko upande wako kuliko ilivyokuwa kwa waliokutangulia. Mwaka 1989, Profesa Wangari Maathai alipokwenda mahakamani kuzuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park, mahakama ilimfukuza kwa kusema kwamba hakuwa na haki ya kushtaki, kwa vile yeye binafsi hakuonyesha hasara aliyoipata. Jengo hilo halikujengwa, shukrani kwa kelele alizozipiga nje ya mahakama, lakini mlango wa sheria ulikuwa umefungwa. Katiba ya 2010 iliufungua. Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 70 inamruhusu yeyote kwenda mahakamani haki hiyo inapovunjwa au kutishiwa, na inaeleza bayana kwamba halazimiki kuthibitisha kuwa mtu amepata hasara au madhara. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliotiwa sumu ya risasi na kiwanda kilichokuwa jirani yao, waliitumia haki ya namna hiyo, na mwaka 2020 mahakama ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Kabla ya kufika huko, hata hivyo, pata maandishi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa kutoka ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Andika barua kwa Kiswahili au Kiingereza kwa ofisi iliyoandaa hafla hiyo, na nakala kwa ofisi ya kaunti inayosimamia mazingira. Uliza mambo machache yanayoweza kujibiwa kwa tarakimu au kwa jina la cheo: miche mingapi ilipandwa uwanjani, ya aina gani, ilinunuliwa kwa shilingi ngapi, nani aliajiriwa kuinywesha na kwa muda gani, mingapi ilikuwa hai mara ya mwisho ilipohesabiwa, na nani aliruhusu mabati yawekwe kwenye ardhi ya umma. Usiandike tuhuma katika barua hiyo ya kwanza, kwa sababu tuhuma humpa afisa kisingizio cha kuipeleka kwa mwanasheria wa ofisi, ambako itakaa. Ambatanisha picha za uwanja ulivyo sasa, zenye tarehe.

Usipojibiwa, au ukijibiwa kwa kuzungushwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo ndiyo inayosimamia sheria hiyo, na kuhusu mabati na uharibifu wenyewe iandikie Kamati ya Kitaifa ya Malalamiko ya Mazingira. Waombe majirani wawili au watatu watie sahihi pamoja nawe, maana barua ya mtu mmoja hupotea kwa urahisi. Uipeleke kwa mkono, uwe na nakala yako, na usiondoke kaunta kabla nakala hiyo haijagongwa muhuri wa ofisi wenye tarehe, kwa sababu siku 21 zinahesabiwa kuanzia hapo.